Msije na Kamba ya Katani

Kambini, karibu na Magoma,
Korogwe.

Dada yangu mpendwa Mwanaidi,

Nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, kabla hujafika mstari wa pili, ingia ndani usome peke yako. Usimsomee mtu kwa sauti, hata shemeji. Ukimaliza itie motoni, usije ukaifungia maandazi. Baba asijue hata neno moja. Na dukani kwa Mzee Mhina jina langu lisitajwe kabisa kwa sasa. Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani inashinda dukani kwake ikichajiwa, na unajua anavyoipokea na kuweka sauti ya juu ili wateja wote wasikie salamu. Zamani tulicheka. Sasa Mzee Mhina ndiye aliyepewa kusimamia lindo la shamba jipya la mkonge hapo Misima, na ninayokuandikia yanahusu shamba hilo hilo. Ndiyo maana karatasi hii inakuja kwa mkono wa kondakta Rajabu, yule uliyesoma naye. Yeye hajui kilichomo.

Sasa niombe radhi, nianze kama mtu aliyelelewa. Shikamoo dada. Watoto hawajambo? Kifua cha Baba kimepoa tangu baridi ipungue? Na goti la Bibi, bado linamsumbua akiinama kufungua mbuzi? Mimi mwili ni mzima. Chakula kipo, chumba hakivuji. Lakini siku hizi nikisikia mnyororo ukiburuzwa, hata kama ni wa baiskeli, nageuka haraka kutazama nyuma.

Nilipokuaga nilikwambia nakuja kuwa karani wa ghala, na kweli ndiyo kazi niliyoajiriwa: kupokea buti, mapanga, mafuta ya trekta, na kuyatoa kwa wanaohusika. Kisha meneja akaleta mbwa. Wizi wa mkonge ulikuwa umezidi, kwa hiyo akanunua mbwa wakubwa, kila mlinzi akapewa wake, na akaajiriwa mwalimu wa kuwafundisha utii, mbwa na mtu wake pamoja. Mlinzi mmoja akaacha kazi siku ya kwanza. Alisema yeye aliajiriwa kulinda, hakuajiriwa kulea. Meneja akaingia ghalani.

"Karani, umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha sita, mzee."

"Basi darasa hili halitakushinda. Kachukue yule mbwa aliyebaki."

"Mzee, mimi ni Mwislamu."

"Kwani nimekwambia umchinje?"

Ndivyo nilivyomshika mbwa, dada. Usimwambie Baba. Nina nguo zangu za kazi hiyo, nazifua mbali na nyingine, na kila jioni naosha mikono kama tulivyofundishwa chuoni, mara saba na moja yake kwa udongo, ndipo nasali. Wakati mwingine nahisi udongo wa Korogwe utaisha kwa ajili yangu.

Mbwa wangu anaitwa Popi. Ni jina la kitoto, lakini akisimama kichwa chake kinanifika kiunoni. Ana rangi ya majani makavu na sikio moja limekatika ncha. Na alikuwa mvivu wa kupindukia. Wenzake wakiambiwa "Kaa!" wanakaa, wakiambiwa "Njoo!" wanakuja. Popi aliangalia ndege. Akichoka alijilaza katikati ya uwanja, kidevu juu ya miguu, akafumba macho. Walinzi walinicheka mpaka nikaogopa kwenda. Mama Neema ndiye aliyezidi. Huyu ni mlinzi, mama wa makamo, mzaliwa wa kambi hii hii. Babu yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge.

"Karani! Mwanafunzi wako anasubiri kikao au chai?"

"Amechoka, mama."

"Amechoka na nini? Kutazamwa?"

Mwalimu hakucheka. Ni mzee wa Kishambaa kutoka Dindira, tunamwita Mwalimu Shekiondo, mwembamba, hakosi kofia ya sufu hata jua likiwaka, na amefuga na kufundisha mbwa maisha yake yote. Alikaa chini kando ya Popi kama anayemjulia hali mgonjwa, kisha akanieleza. Mbwa si mvivu, akasema, ila hajaona sababu. "Wewe unamwita kwa sauti moja kama unasoma majina ya wapiga kura. Mwite kama umeona jambo zuri. Ukimwambia kaa, sema mara moja tu. Ukirudia sana, unamfundisha kwamba neno la kwanza halina maana. Somo liwe fupi. Limalize wewe kabla hajalimaliza yeye, aondoke akiwa bado analitaka. Na usimfundishe akiwa ameshiba. Nani anasoma akiwa ameshiba?"

Nikafanya yote. Nilinunua maini, nikayachemsha, nikayakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Leo tulifundishana karibu na ghala, kesho chini ya mnazi, kesho kutwa barabarani, asichoke na mahali. Mara nyingine alipata ini, mara nyingine sifa tu, asijue lini kitu kinakuja. Popi akaamka kidogo. Dada, nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Siku ya kwanza alipokuja mbio niliposema "Njoo!", masikio nyuma, nilitamani ungekuwepo uone.

Halafu maini yakamchosha. Alikuwa akilitafuna moja, analimeza, analala. Kila mtu kambini alikuwa akimtupia makombo, na ini langu halikuwa ajabu tena. Mwalimu akasema kuna mbwa wa tumbo na kuna mbwa wa mchezo, nitafute Popi anapenda kucheza na nini.

Sasa soma polepole. Hapa kambini katani imetapakaa kila mahali, imening'inia kwenye nyaya ikikauka, imeanguka njiani. Niliokota fungu moja la katani, nikakaa kwenye ngazi ya ghala, nikaisokota pajani kama alivyonifundisha Bibi, nikapiga mwishoni lile fundo lake, lile nene analofungia mbuzi. Nikalitikisa mbele ya Popi. Nakwambia, mbwa yule alibadilika mbele ya macho yangu. Alishika, akavuta, akakoroma, akavuta tena, mkia ukienda kama ufagio. Nilipomwachia akazunguka uwanja mzima na kamba mdomoni, kisha akairudisha mwenyewe miguuni pangu ili tuanze upya. Tangu siku ile hakulala tena darasani. Nilisema "Kaa!" akakaa, akitetemeka, macho yake mfukoni mwangu kwenye kamba. "Lala!" akalala. "Subiri!" akasubiri. "Kamata!" na hapo ndipo nilipoitoa.

Mama Neema alikuwa wa kwanza kuniiga. "Karani, nisokotee na mimi. Huyu wangu naye amechoka na siasa." Nikawasokotea wote. Darasa zima likachangamka.

Mwalimu Shekiondo alilichukua fundo, akaligeuza mkononi, akaniuliza, "Kamba hii huku watu wanaitumia sana?" Nami nikamjibu, "Ipo tele mwalimu, haina gharama." Dada, aliniuliza juu ya watu, mimi nikamjibu juu ya bei. Yeye kwao ni milima ya chai, asingejua. Mimi ningejua. Akasema vizuri, mwache kwanza ashinde, apende kuvuta, baadaye tutamfundisha kuachia. "Kamata" kwanza, "Acha" baadaye. Ndio utaratibu wake.

Hiyo baadaye haikufika. Meneja alikuja uwanjani asubuhi moja, akaona mbwa wanavyoruka kwa neno "Kamata!", akapiga makofi.

"Mwalimu, kazi imekwisha. Ahsante sana."

"Bado mzee. Hawajajua kuachia."

"Mbwa wa lindo aachie nini? Mwizi?"

"Aachie akiambiwa. Mbwa asiyejua kuachia hajafundishwa, amechokozwa tu."

"Umezeeka, mwalimu. Unawaonea huruma wezi."

Mwalimu hakubishana tena. Alikusanya vitu vyake, akanipa mkono, akanipa na namba yake ya simu. "Karani," akaniambia, "huyo wako usimpe mtu mwingine amshike." Sikumwelewa.

Nilimwelewa muda si mrefu. Meneja aliagiza mbuzi wa sherehe ya wafanyakazi, na akaja mfugaji mmoja wa vijiji vya karibu, mtu mzima mpole, amemfunga mbuzi kwa kamba ya katani na ncha ameizungusha kwenye kiganja, kama wanavyofanya wote, kama anavyofanya Bibi. Nilikuwa nimesimama na Popi mlangoni pa ghala. Ukanda wake ulikuwa mkononi mwangu. Nilimwona ananyamaza. Hakubweka, hakukoroma. Nilidhani anamtaka mbuzi, nikakaza ukanda. Lakini hakumtazama mbuzi, dada. Alitazama mkono.

Hakuna aliyesema "Kamata". Ukanda ulinitoka nikabaki na ngozi imechubuka. Popi alifika akauma kamba pale pale kwenye kiganja, akavuta kama tulivyokuwa tukicheza. Yule mzee akaanguka, naye kamba imemzunguka haiwezi kumwachia, akaburuzwa kwenye changarawe. Mbuzi alikuwa amesimama pembeni anatafuna. Nilipiga kelele, "Acha! Acha!" Neno lile Popi hakuwahi kulisikia. Alidhani nashangilia. Alinitazama kwa jicho moja huku akivuta, na mkia ulikuwa ukitikisika. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na furaha. Ndilo jambo linalonikosesha usingizi mpaka leo.

Mama Neema ndiye aliyekimbia na panga akaikata kamba. Vidole viwili vya yule mzee sijui kama vitakunjika tena. Meneja alimchukua kwa gari lake akamtibia, akampa ahsante ya kutosha, na mzee akasema mbele yetu sote kwamba alishikwa na mashine ya mkonge. Utaniuliza kwa nini siendi polisi. Nitasema nini, dada, ikiwa mwenye mkono anasema ni mashine?

Nilimwendea meneja peke yangu, nikamweleza kosa langu lilipo. Nilimwambia, mzee, mbwa hawa wamefundishwa kwa kamba ya katani, nao watamrukia yeyote anayeishika, na huku kwetu hakuna asiyeishika. Nilidhani atashtuka. Alitabasamu taratibu kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

"Mwizi wa mkonge anabeba nini, karani?"

"Katani, mzee."

"Basi umenifanyia kazi ambayo mwalimu hakuiweza. Mbwa wanaomjua mwizi wenyewe!" Kisha akaacha kutabasamu. "Hili liishie humu ndani. Nikilisikia nje nitajua limetoka kwa nani. Na kijijini kwenu si Misima? Watu wenu nawafahamu."

Mbwa wanaletwa Misima, Mwanaidi. Popi yumo. Lori litatuchukua mara barabara itakapokauka, na mvua imekwisha kukata.

Umeshaelewa kwa nini nimeshindwa kuandika haya kwa mwandiko mzuri. Njia ya lambo, tunakonyweshea mifugo, imebaki ndani ya mpaka wa shamba lile jipya. Seng'enge haijakamilika, na Bibi anapita pale kila asubuhi na mbuzi wake, kamba zote amezizungusha mkononi, na nyingine anayoendelea kuisokota ameitupa begani. Popi analijua fundo lile. Alilelewa nalo. Mkono wa kwanza uliolifunga duniani ni wa Bibi.

Sijakaa bure. Kila alfajiri baada ya swala namtoa Popi kumfundisha "Acha". Niliamua kumtafutia kitu kingine cha kukipenda zaidi ya katani, nimbadilishie. Nikashona mpira wa matambara, akaupenda. Kisha nikajiuliza, ni nani asiyevaa nguo? Nikautupa chooni. Nikakata kipande cha tairi, akakipenda hicho nacho. Nikawakumbuka Wamasai wanaopitisha ng'ombe hapo kwetu, miguuni wote wamevaa viatu vya tairi. Nikajaribu gunzi la mahindi, nikamwona akilini mwanao Zuhura akila hindi lake mlangoni. Kila ninachokishika, kipo mkononi mwa mtu.

Mwisho nikampigia Mwalimu Shekiondo, nikiwa nimejificha nyuma ya matangi ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hujaona kitu kimoja ambacho hakuna mwingine aliyenacho."

"Kitu gani, mwalimu?"

"Wewe. Mbwa anakimbiza kinachomkimbia. Akiwa na kamba mdomoni usimfuate, usimpigie kelele, usivute. Sema neno mara moja, mpe mgongo, kimbia, na ucheke kama mwendawazimu. Akikufikia, cheza naye kuliko ulivyowahi kucheza. Awe na hakika kwamba wewe ni bora kuliko kamba."

Ndicho ninachokifanya, dada, mimi wa kidato cha sita. Nasema "Acha!", nageuka, nakimbia kwenye mashamba ya mkonge nikicheka peke yangu, na wapita njia wananihurumia. Siku za mwanzo nilikimbia nikafika mbali, nikageuka, nikamwona amelala na kamba yake ananitazama. Sasa anaiachia. Si kila mara. Mama Neema anashika upande wa pili wa kamba, mkono ameuzungushia gunia, na juzi aliniambia, "Karani, leo kaniachia haraka. Lakini alifikiria kwanza." Hilo la kufikiria kwanza ndilo linaloniogopesha. Hapo katikati, baina ya neno na kuachia, ndipo utakapokuwa mkono wa mtu.

Mama Neema ananisihi niondoke, niache kazi, nirudi nyumbani kabla lori halijaondoka. Nimewaza sana. Nikiondoka, Popi atapewa mlinzi mwingine ambaye hatakimbia wala hatacheka. Atapiga kelele, na Popi atadhani anashangiliwa. Kwa hiyo nimejiandikisha kuja naye. Meneja alifurahi, anadhani nimeogopa nikatii. Nimeogopa, ni kweli.

Sasa kazi yako, dada. Bibi aache kamba za katani. Zote, na hata zile zilizoko darini. Najua atakavyosema, nilipomletea kamba ya plastiki mwaka ule alisema inamkata mbuzi shingo na inamkata yeye roho. Usibishane naye juu ya kamba, hutamweza. Mwambie mimi Athumani nimeota ndoto mbaya juu ya mkono wake. Ndoto ataiheshimu, na kwa Mungu si uongo. Chana kanga kuukuu, msokotee za kitambaa. Njia ya lambo mwiache hata kama kuzunguka ni mbali. Wanawake wanaofunga kuni waambie kuna chawa wa mkonge mwaka huu, kamba zina ugonjwa, sema chochote. Wakikucheka, wacha wacheke.

Nisalimie Baba, mwambie karani wake ni mzima na anasali. Nisalimie shemeji, mume wa watu asiyependa maneno mengi. Salamu kwa mama mdogo anayekaanga mihogo pale njia panda, na kwa mwalimu wetu wa chuoni. Mbusu Zuhura, mwambie mjomba anakuja, lakini asije mbio kunipokea. Na Bibi umshike mkono wa kulia kwa niaba yangu. Umshike kwa muda.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Athumani.

Namna ya kunifikia ni hii. Simu usipige. Mpe Rajabu mfuko wa machungwa, ufunge mdomo wake kwa kitambaa kilichochanwa, ndipo nitajua Bibi amekubali. Mfuko ukija bila kufungwa nitajua amekataa, na nitamwambia dereva wa lori natapika, tuchelewe tunavyoweza. Tukishafika Misima, utaniona upande wa pili wa seng'enge, karibu na ule mti uliopigwa radi. Usinisalimie mbele ya watu. Ukitaka kusema nami, njoo asubuhi, peke yako, simama mbali, nyosha mikono yako nione vidole vyote, kisha ukae pale pale mpaka nikuite mimi. Mfukoni usiwe na kamba, kiunoni usiwe na kamba, hata uzi wa ushanga wa katani uvue. Na kama Bibi atakaidi akaja na mbuzi wake, na ukaona ninampa mgongo, nakimbia kuingia shambani huku nacheka, usinilaani, dada, wala usinifuate. Mkimbilie yeye. Mfungue kamba mkononi. Mimi nitakuwa namwita Popi.